Zimeni, Stima ni Ndogo

Vijana wa depoti mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, mkaniambia nikae chini, nitulie, niandike polepole. Hapo kwa kukaa chini ndipo penye shida. Naandika nikiwa nimesimama kwenye meza ya jikoni. Nikimaliza mistari michache naenda kuangalia kama geti limefungwa, halafu narudi. Tangu nistaafu nimeliangalia geti hilo mpaka mbwa hainuki tena nikipita. Mambo ya vyeo na mshahara sitayaandika, yako ofisini na hayana utamu wowote. Nitaandika kuhusu ngazi, kuhusu laini moja ya stima hapa Mumbuni, na kuhusu Mzee Kilonzo, aliyenifundisha kazi na ambaye mwishoni ilibidi mtaa mzima uzime taa ili apate kupumua.

Siku ya kwanza nilifika na ovaroli ya mwanaume, miguu nimeikunja hadi ikawa minene kama soksi za kipa. Mwanamke nilikuwa mimi peke yangu. Nilitarajia nitavishwa mkanda nipande posti ya stima watu wa soko la Machakos wanione. Kilonzo, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wa kikosi chetu, akanionyesha ngazi.

"Shika hapa."

Nikashika. Akapanda. Alipofika juu akaanza kufungua nati, na kila baada ya muda kidogo, bila kutazama chini, akawa anaita, "Mueni, uko?"

"Niko."

Koleo linagonga chuma. "Uko?"

"Niko, Mzee."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. Hakuna mtu kupanda bila mwingine chini, na wa chini haendi popote, hata kununua chai. Anaitwa, anaitikia. Asipoitikia, wa juu anaacha kila kitu anashuka. Nilishika ngazi hiyo wiki nyingi, na nyinyi mnanijua, miguu yangu haijui kusimama bure. Siku moja pale Kangundo wanawake wawili waligombania gunia la maparachichi, nikasogea kidogo tu nione nani atashinda. Kilonzo aliita sikusikia. Nilipogeuka alikuwa amesimama nyuma yangu, jasho linamtoka.

"Wewe unafikiri naita kwa sababu gani? Nakupima masikio?"

"Sijui, Mzee."

"Naita kwa sababu naogopa. Huko juu naogopa kila siku. Sasa rudi ushike ngazi."

Sikuwa nimewahi kumsikia mwanaume mkubwa akisema anaogopa, tena mchana, tena sokoni. Nilirudi nikashika. Aliyeshinda maparachichi sijui mpaka leo, na bado inaniudhi.

Kangundo hiyohiyo ndiko nilikoona kwa mara ya kwanza kazi ambayo siku hizi imepewa jina refu na inafanyiwa semina hotelini. Kulikuwa na kinu cha kusaga unga katikati ya soko. Mwenyewe alipenda kukiwasha jioni, saa ileile ambayo kila nyumba imewasha taa. Kikinguruma, taa za soko zinakuwa nyekundu, redio zinakwama, na watu wanatutukana sisi. Wenzangu walitaka kumkatia. Kilonzo alikataa. Alienda akaketi kwa mwenye kinu akanywa uji, akamwambia, "Saga asubuhi. Mimi nitawaambia wamama walete mahindi asubuhi, na wewe uwapunguzie kidogo." Mwenye kinu alinung'unika, lakini alijaribu. Wamama walipoona bei ya asubuhi walipanga foleni kabla kuku hawajashuka kwenye miti. Taa za jioni zikarudi nyeupe. Hatukubadilisha hata waya mmoja, na mimi niliyekuja na koleo mkononi nilirudi nalo bila kulitumia, nikiwa na hasira kidogo.

Miaka ilienda. Nilipanda posti zangu, nilianguka mara moja, nilifundisha wengine kushika ngazi, na wengi wenu mlinichukia kwa hilo. Kilonzo alipostaafu alinipa kipima stima chake, kile kidogo cha mfukoni chenye kioo kilichopasuka kona. Alisema macho yake hayaoni tena namba. Uongo. Alitaka tu kisilale kwenye droo.

Halafu mapafu yake yakaanza kumwangusha. Kabla ya stima alikuwa amefanya kazi kwenye vumbi la mawe huko Athi River akiwa kijana, na vumbi hilo lilikaa ndani likimsubiri. Madaktari walimrudisha nyumbani na mashine ya kumpa hewa, ya kuchomeka ukutani, inayonguruma kando ya kitanda mchana na usiku na mrija puani. Mtungi wa akiba ulikuwepo, lakini ulikuwa wa kumfikisha hospitali tu. Na nyumba ya Kilonzo, ninyi mnaijua laini ya Mumbuni, ilikuwa ya mwisho kabisa huko bondeni. Transfoma iko juu barabarani. Waya unashuka ukigawa kwa kila nyumba, ploti zenye wapangaji, shawa za moto, pasi, birika, televisheni, na hizi sufuria za presha za stima ambazo kila bibi arusi siku hizi anapewa. Ikifika saa moja jioni, kinachofika kwa Kilonzo ni mabaki. Stima inakuwa ndogo, stebilaiza inalia tik-tik-tik, mwisho mashine ya hewa inapiga kengele na kuzima.

Nilikuwa nikimtembelea jioni, maana nakaa laini hiyohiyo, katikati. Kengele ile ikilia Mama Mbithe, mkewe, anatoka mbio na leso haijafungwa vizuri, anapiga kelele njiani, "Zimeni! Jamani zimeni, stima ni ndogo!" Nyumba mbili tatu zinazima, mashine inarudi. Kilonzo midomo yake imekuwa ya rangi ya majivu, na bado anataka kufanya mzaha: "Fundi wa stima anauawa na stima. Mtacheka sana matangani." Mimi sikucheka. Nilitoka nje nikatembea huku na huku uani kwake mpaka nikakanyaga miche ya sukuma wiki.

Niliomba kazini transfoma nyingine iwekwe kule chini. Niliambiwa Mumbuni iko kwenye foleni. Foleni yenyewe mnaijua.

Ndipo ukaja mpango wa zawadi. Aliuleta Injinia Brayo, kijana wa Syokimau, mwembamba, viatu vyeupe hata wakati wa matope. Alikuwa ameufanya na viwanda vya EPZ, vile vya bidhaa za kuuzwa nje, wao wanapunguza mashine saa za jioni na kampuni inawafidia. Sasa walitaka kujaribu kwa nyumba za watu, na laini yetu ikachaguliwa kwa sababu ilikuwa mbaya kuliko zote. Kwa mara ya kwanza ubaya wetu ulitusaidia. Mita mpya zikafungwa, zenye kuonyesha ofisini kila nyumba inatumia kiasi gani na saa ngapi. Ukipunguza matumizi yako kuanzia saa moja mpaka saa tatu, mwisho wa wiki unatumiwa tokeni za stima za bure.

Mimi, kwa kuwa magoti yalishakataa posti, nilipewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kueleza. Kazi ya mdomo! Wiki za mwanzo ilikuwa aibu tupu. Mzee mmoja alizima friji akasahau kuiwasha, akala nyama iliyooza, akataka nimlipie dawa. Mwalimu mmoja wa shule alizima taa zote akawasha moto wa kuni sebuleni, moshi ukawatoa wote nje. Wengi walipunguza siku moja, wakaona zawadi ni kidogo, wakasema, "Hii si hata ya kuchemsha chai," wakarudia pasi zao. Na kule chini mashine iliendelea kulia.

Halafu ghafla, laini ikatulia. Injinia Brayo alinipigia simu sauti imempanda. "Auntie Mueni, umewafanyia nini hawa watu? Jioni wamezima karibu wote! Hii ni moto!" Sikuwa nimefanya lolote. Wiki hiyo nilikuwa nimetumwa Kangundo kusaidia kubadilisha mita, nikilala kwa dada yangu. Nilifurahi, lakini furaha yangu haikai, na haikukaa. Keshoye alinipigia tena, sauti imeshuka. Kulikuwa na nyumba moja iliyopanda. Mita zote zinashuka saa moja, hiyo moja inaruka juu kama imeunganishiwa kiwanda. Ilikuwa ya Mama Halima.

Mama Halima ni Msomali, mke wa Haji, mfanyabiashara wa mifugo ambaye mara nyingi huwa safarini kutafuta ng'ombe na mbuzi. Boma lao liko juu, ukuta mrefu, transfoma iko karibu kugusa geti lao. Pale ofisini wakubwa walikuwa wameshaamua: anavuta waya kwa majirani na kuwauzia stima, majirani wanajifanya wamezima ili wapate zawadi. Mmoja akaongeza maneno kuhusu Wasomali na biashara ambayo sitayarudia hapa. Nikaamriwa niende jioni hiyohiyo, nikague, niikate na mita niing'oe. Na mpango wote usimamishwe. Mnaelewa maana yake? Mpango ukisimama, pasi zinarudi, na Kilonzo anarudi kwenye kengele.

Nilienda na kijana mmoja wa kikosi na ngazi kwenye gari. Njia ilikuwa giza, nyumba zote kimya, nikasema moyoni, kweli hapa kuna wizi. Tulipofika kwa Mama Halima, geti lilikuwa wazi. Uani kulikuwa kumejaa watu. Watoto wa mtaa mzima wako kwenye mkeka mmoja chini ya taa moja, vitabu vimetapakaa. Jikoni wamama wamebanana, sufuria ya presha moja inatoa mvuke, nyingine inasubiri zamu, na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, wa nyumba sita unachemka pamoja. Kwenye kona mwalimu yule wa moshi anapiga pasi mashati ya shule ambayo si ya watoto wake. Mama Halima mwenyewe anakatakata vitunguu, akaniona nimesimama na koleo.

"Mueni, mbona umesimama hapo kama askari? Ingia. Umeleta nini cha kupika?"

"Nimeleta koleo, Mama Halima. Nimetumwa nikukatie stima."

Kisu kikasimama. Mtoto mmoja akaendelea kuhesabu kwa sauti. Mama Mbithe alitoka kwa wale wamama, unga mikononi.

"Mueni mwaitu, mama yangu, usikate. Ni Mzee alisema tufanye hivi."

Nikaelezwa pale mlangoni, wote wakiongea pamoja. Nilipokuwa Kangundo kengele ilikuwa imelia siku moja ikakataa kurudi, Kilonzo akawekwa kwenye mtungi, na mtungi ukakaribia kuisha kabla stima haijapanda. Majirani walijaa chumbani, wengine wakilia. Alipopata pumzi, aliwaambia kwa vipande vipande: wa bondeni wazime kabisa, na kila kitu cha moto kipikwe kule juu, kwa Mama Halima, kwa sababu mzigo ulio mlangoni mwa transfoma hauwanyang'anyi wa chini. Wakamba wakasikia neno hilo wakafanya wanavyojua kufanya tangu zamani wakichimba mitaro na kujenga madarasa. Wakafanya mwethya, kazi ya kusaidiana. Leo wa ploti ile wanaleta mahindi, kesho wengine wanaleta maharagwe, Mama Halima anatoa jiko na stima. Habari ya tokeni walikuwa wameshaisahau. Zilikuwa zinaingia kwenye mita zao na wao hata hawaziangalii.

"Sasa wewe unapata nini?" nikamuuliza Mama Halima. "Mita yako inakula. Zawadi huwezi kupata."

"Haji hayuko. Nyumba hii ilikuwa kama boma la kuuza," alisema, akarudia vitunguu vyake. "Nilikuwa nakula nikiangalia ukuta. Kama unakata, kata. Lakini ngoja chakula kiive."

Nilitoka nje. Nilizunguka gari. Nikarudi, nikatoka tena. Yule kijana wa kikosi akaniuliza ashushe ngazi au aache. Nikampigia Injinia Brayo nikamwambia aje mwenyewe, mara moja, na viatu vyake vyeupe. Alikuja. Alisimama mlangoni mwa lile jiko, akaangalia transfoma, akaangalia giza la bondeni, na sikuhitaji kumweleza kitu. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Sisi tunapima nyumba," alisema. "Hawa wanaendesha laini. Auntie, mpango wetu ndio umekosea." Mama Halima alimpa sahani, akala amesimama, halafu akasema kwamba ofisini ataongea yeye.

Aliongea. Nampa heshima yake, maana wakubwa hawakuwa wepesi. Mita ya Mama Halima haikuguswa. Wakafunga kipimo kimoja kwenye transfoma, na zawadi ikawa ya laini nzima, si ya nyumba. Baada ya muda wakaja kuuliza watu pale uani: tokeni zenu tuwagawie, au tuziweke pamoja na za miezi inayokuja, kampuni iongeze, tuwaletee transfoma ya pili kule chini? Nilidhani kutakuwa na kelele. Yule mwalimu alisimama akasema, "Leteni transfoma. Mzee apumue." Wakaketi. Mkutano ulikwisha kabla chai haijamiminwa.

Transfoma hiyo ilisimikwa wiki yangu ya mwisho kazini, hatua chache kutoka kwa Kilonzo. Kijana alipanda, mimi nikashika ngazi. Walimtoa Mzee mpaka mlangoni na mrija wake, amekaa kwenye kiti, blanketi magotini, anatoa amri ambazo hakuna aliyezisikia. Swichi ilipowashwa nilichukua kile kipima chake cha zamani nikapima kwa soketi yake. Stima nzuri, imejaa, haitetemeki. Jioni ile saa moja ilifika na kengele haikulia. Mama Mbithe alikaa akiisubiri mpaka akalia yeye. Mimi nililia pia, nikisingizia vumbi.

Hapo ningetaka kumaliza, na kama ingekuwa hotuba ya kuniaga ningemaliza. Lakini hebu niwaambie kilichofuata. Stima ilipotosha, kila mtu alirudi nyumbani kwake. Kwa nini wasirudi? Taa ziko, pasi ni zao, sufuria za presha ni zao. Jiko la Mama Halima likapoa. Watoto wakasomea kwao, au wakaacha kusoma. Na mimi ndiyo nikastaafu katikati ya hayo. Ikifika saa moja jioni mwili unaamka, unataka kwenda, na hakuna pa kwenda. Naangalia geti. Nazima taa ya jikoni, nawasha. Mume wangu, Mungu amrehemu, hayupo wa kuniambia nitulie.

Wiki iliyopita simu ililia saa hiyohiyo. Kilonzo.

"Mueni, kuja uangalie. Stima ni ndogo huku."

Nilitoka mbio. Nilisahau viatu, nimeshuka bonde na malapa, kipima mkononi. Mashine ilikuwa inanguruma sawasawa. Taa ilikuwa nyeupe. Mama Mbithe alikuwa ameenda maombi, Mzee yuko peke yake kitandani, macho kwenye dari. Nikachomeka kipima. Sindano ikapanda mpaka pale inapotakiwa kukaa, ikakaa.

Nilimwangalia. Aliangalia ukuta.

"Iko vipi?" akauliza.

Mimi nimefanya kazi ya stima maisha yangu yote na sijawahi kumdanganya mteja kuhusu kipimo. Nilichomoa kile kipima nikakitia mfukoni.

"Ni ndogo, Mzee. Ni ndogo sana."

"Si nilisema."

Nilipanda bonde lote nikipiga kelele kama Mama Mbithe wa siku zile. "Zimeni! Jamani, zimeni, stima ni ndogo kwa Mzee!" Madirisha yakaanza kuzima, moja hapa, moja kule. Mwalimu alitoka na pasi mkononi. Mama Halima alifungua geti kabla sijafika, na sidhani kama aliniamini hata kidogo, kwa sababu aliangalia taa ya barabarani jinsi ilivyowaka, akaniangalia mimi, akasema, "Basi leo tupikie huko kwake. Nibebee hii sufuria."

Chakula kilipokuwa jikoni na watoto wamejaa chumba cha mbele, nilirudi kwake nikachukua kigoda. Nilikaa. Nawaambia, nilikaa. Alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala, nikaanza kuinuka taratibu.

"Mueni, uko?"

"Niko, Mzee."